TSH yangu ilisema niko sawa, mwili ukakataa

Mchana wa Januari pale steji ya Njiru, jua la kupasua utosi na vumbi la lori za mawe, kondakta wa mat ya tao alinitazama mara mbili kabla aniruhusu kupanda. “Siste, umetoka Limuru ama?” Nilikuwa nimevaa jaketi nzito na marvin. Abiria walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini vidole vilikuwa baridi kama vya maiti.

Huo ndio mwaka niliacha chuo. Nilikuwa naamka saa nne asubuhi nimechoka, saa nane nimelala tena. Nywele zilikuwa zinabaki kwa kitana. Kilo zilikuwa zinaongezeka na sikuwa nakula chochote cha maana. Mathe alisema ni simu usiku kucha. Shosho alisema ni ukosefu wa damu, nile managu. Mimi nilijiambia ni uvivu, na kati ya hizo zote hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Sitadanganya kuwa ugonjwa ndio ulinitoa chuo. Karo ilikuwa na deni na ile kozi sikuwahi kuipenda. Lakini kuna CAT moja nililala juu ya karatasi, wenzangu wakaniamsha muda umeisha, na hadi wa leo sijui ningefika wapi kama ningejua mapema kuwa tezi ya shingoni mwangu inazima polepole.

Tezi hiyo inaitwa thairoidi. Iko mbele ya koo, ina umbo la kipepeo, na kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoamua mwili uende kwa kasi gani: moyo, joto, tumbo, ngozi, hata akili. Homoni kuu ni T4. Wazee wanaijua tezi hii kupitia rovu, ule uvimbe wa shingo ulioletwa sana na ukosefu wa iodini, na ndiyo sababu chumvi yetu huongezwa iodini.

Sasa, ukienda kupimwa, karatasi inakuja na TSH juu kabisa. Hapa ndipo wengi hupotea, nikiwemo. TSH haitoki kwa thairoidi. Inatoka kwa tezi ndogo chini ya ubongo, pituitari. Mfikirie keateka wa ploti. T4 ni kodi ya nyumba. Kodi ikiingia kwa wakati, keateka anabisha pole pole tu. Kodi ikipungua, anagonga mlango kwa nguvu, halafu kwa nguvu zaidi. Huko kugonga ndiko TSH. Kwa hivyo TSH ikiwa juu, thairoidi iko chini. Nilisoma “H” nikadhani thairoidi yangu imezidi. Ni kinyume.

Lakini hiyo H ilikuja baadaye. Kipimo changu cha kwanza nilifanyiwa kwa maabara moja mtaani (sitaitaja) baada ya kuchangiwa Sh3,000 na mathe na anti. TSH ilikuwa 3.6, na safu ya kulia ilisema kawaida ni 0.4 hadi 4.0. T4 huru ilikuwa 14.2, kawaida 12 hadi 22. Yule wa maabara akanirudishia karatasi: “Uko sawa kabisa.” Mathe alinitazama njia yote hadi nyumbani bila kusema neno. Afadhali angeongea.

Hakuna aliyeniuliza nakunywa nini. Nilikuwa nakunywa vidonge vya nywele na kucha, zile za mikebe ya rangi zinazouzwa mtandaoni, kwa sababu nywele zilikuwa zinatoka. Vidonge hivyo huwa na biotini nyingi. Na mashine nyingi za kupima homoni hutumia biotini ndani ya kipimo chenyewe, kwa hivyo ukiwa nayo tele kwa damu, mashine inachanganyikiwa: TSH inaweza kusomeka chini kuliko ilivyo na T4 juu kuliko ilivyo. Yaani dawa niliyonunua kwa sababu ya dalili huenda ndiyo iliyouficha ugonjwa. Aki nilipoambiwa hivyo nilitaka kulia na kucheka pamoja. Ukitumia hizo, mwambie daktari. Kawaida wanataka uache angalau siku mbili kabla ya kutolewa damu, na kwa dozi kubwa zaidi ya hapo.

Miezi saba ikapita. Vidonge viliisha, doh ya kununua vingine sina. Nilipimwa tena, maabara nyingine upande wa Kayole. TSH 9.8, imewekewa H. T4 huru 0.8, imewekewa L. Nilikaa kwa ngazi ya lile jengo nikahesabu: kutoka 14.2 hadi 0.8. Nilidhani nakufa. Nilimpigia anti nikamwambia awaambie watu.

Afisa wa kliniki aliyenipokea, mama mpole anayevaa miwani kwa kamba, aliweka karatasi mbili sambamba na kuniuliza swali moja: “Umeona kilichoandikwa kando ya nambari?” Ya kwanza ilikuwa pmol/L. Ya pili ng/dL. Ni vipimo viwili tofauti, kama kupima barabara kwa kilomita halafu kwa maili, ila hapa tofauti ni kubwa zaidi. Ili kutoka ng/dL kwenda pmol/L unazidisha kwa 12.87. Kwa hivyo 0.8 yangu ilikuwa takriban 10.3. Imeshuka, ndiyo, iko chini ya mstari, lakini haikuanguka kwa shimo. Nilimpigia anti tena nikamwambia asimwambie mtu.

Ile safu ya kulia pia alinielezea. Watu wanachukuliwa wakiwa na afya, damu yao inapimwa, kisha asilimia 2.5 ya chini na 2.5 ya juu zinakatwa. Kinachobaki katikati ndicho “kawaida”. Maana yake, kati ya watu 100 wasio na shida yoyote, kama watano watatoka na H au L. Na kwa upande mwingine, mtu mmoja kwa kawaida hachezi kwa safu nzima. TSH yake huzunguka eneo dogo lake mwenyewe. Kwa hivyo unaweza kupanda sana kutoka kiwango chako na bado uandikiwe uko sawa.

Na hao watu wenye afya ni akina nani? Swali zuri. Mwaka wa 2009 watafiti walichapisha matokeo ya watu wenye afya kutoka Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia, wakaonyesha kuwa baadhi ya viwango vya damu vinavyotumika Marekani vinamfanya mtu mzima wa huku aonekane mgonjwa kwa karatasi. Mwaka wa 2020 wengine wakachapisha viwango vilivyotokana na Wakenya wenyewe. Kila maabara ina mashine yake na safu yake, ndiyo maana mpaka wa juu wa TSH unaweza kuwa 4.0 hapa na 4.5 pale. Linganisha nambari yako na safu ya karatasi hiyo hiyo, si ya rafiki, si ya Google. Na kama unaweza, rudi maabara ile ile.

Mambo mengine yanasogeza TSH pia. Usiku na alfajiri huwa juu, mchana inashuka. Ukiwa mgonjwa wa kitu kingine inaweza kuyumba. Mwenye mimba ana safu yake kabisa, hasa miezi mitatu ya kwanza, asisome hizi zetu.

Kwa sababu hiyo hawakunipa dawa siku hiyo. TSH ikiwa juu kidogo na T4 iko sawa, mara nyingi wanasubiri na kurudia baada ya wiki kadhaa hadi miezi mitatu, kwa sababu wengi hushuka wenyewe. Ikipita 10, matibabu huanza kuzungumziwa kwa uzito. Yangu T4 tayari ilikuwa chini, kwa hivyo alirudia haraka: TSH 12.1, T4 9.7 pmol/L. Akaongeza kipimo cha kingamwili, kikatoka chanya. Hashimoto. Ni kinga ya mwili wako inayoishambulia tezi yako, na jina ni la daktari Mjapani aliyeueleza ugonjwa huo mwaka wa 1912.

Sasa namezea levothyroxine na maji matupu asubuhi, kisha nangoja karibu saa nzima. Hiyo saa ndiyo ngumu, kwa nyumba ambayo chai ya maziwa iko mezani kabla ya jua. Maziwa na vidonge vya damu huzuia dawa kuingia. Kipimo kinarudiwa baada ya wiki sita hadi nane. Kabla ya hapo TSH haijatulia na unatupa pesa bure. Ya mwisho ilikuwa 2.3. Marvin nimempa ndugu yangu.

Jana binamu wa Saika alinitumia picha kwa WhatsApp, ameikata vizuri: “TSH 6.1. Niko mbaya?” Nikamwambia apige picha karatasi yote, na aniambie kama anakunywa za nywele.

Amesema ningoje, karatasi ameiacha kazini.