Kususia utalii kwa ajili ya ustawi wa wanyama

Kususia utalii kwa ajili ya ustawi wa wanyama ni uamuzi wa msafiri, au wa kundi la wasafiri, wa kutokwenda mahali fulani, kutotumia kampuni fulani au kutoshiriki burudani fulani kwa sababu wanyama wa huko wanateswa au kuuawa kwa namna ambayo msafiri haikubali. Kinachosusiwa kinaweza kuwa nchi nzima, kisiwa, hifadhi, hoteli au mwenye mashua mmoja tu. Makala hii inaeleza jambo hilo kwa mifano ya Tanzania, hasa ya kusini-magharibi: Sumbawanga, nyanda za juu za Ufipa na bonde la Ziwa Rukwa. Huko watalii ni wachache, na kwa hiyo asiyekuja huonekana mapema kuliko Arusha au Zanzibar.

Maana

Kiswahili kina kitenzi chake cha asili, kususa au kususia. Lugha nyingi za Ulaya zililipa tendo hili jina la mtu, Charles Boycott, msimamizi wa mashamba katika wilaya ya Mayo nchini Ireland. Mwaka 1880 wapangaji na majirani zake walikataa kumfanyia kazi, kumuuzia vitu na hata kuzungumza naye. Waswahili wana pia msemo wa kwenye kanga, "Ukisusa, wenzio twala". Umetungwa kwa mzaha, lakini unataja udhaifu mkubwa wa kila ususiaji: nafasi ya aliyekataa inaweza kuchukuliwa na mwingine asiyejali.

Ni lazima kutofautisha ustawi wa wanyama na uhifadhi. Uhifadhi huangalia spishi na makazi yake: je, tembo wataendelea kuwepo? Ustawi huangalia mnyama mmoja mmoja: je, tembo huyu ana njaa, kiu, maumivu au hofu? Maelezo yanayotumika zaidi ni yale ya "uhuru wa aina tano" yaliyoandikwa Uingereza mwaka 1979 kwa ajili ya mifugo, yaani mnyama asiwe na njaa na kiu, asikae katika mazingira ya taabu, asiachwe na maumivu au ugonjwa, aweze kuishi kwa tabia zake za asili, na asiwe na hofu. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008. Wanyamapori husimamiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009.

Mambo haya mawili yanaweza kugongana. Simba dume mzee akipigwa risasi kwa leseni, huenda idadi ya simba isipungue hata kidogo baada ya miaka kumi. Kwa mtu wa uhifadhi hesabu imekaa sawa. Kwa mtu wa ustawi, simba yule amekufa kwa ajili ya picha na ngozi ya ukutani. Mabishano mengi kuhusu kususia huwa marefu kwa sababu kila upande unajibu swali ambalo mwenzake hakuuliza.

Mifano ya nje

Mfano unaotajwa sana ni wa jimbo la Alaska, Marekani. Mwishoni mwa 1992 serikali ya jimbo ilipanga kuua mbwa mwitu kwa kutumia ndege ili wawindaji wapate kulungu wengi zaidi. Watu walianza kufuta safari zao, na kabla ya mwaka kwisha Gavana Walter Hickel alisimamisha mpango ule. Visiwa vya Faroe ni mfano wa kinyume. Mwaka 2015 kampuni mbili za Ujerumani za meli za watalii ziliacha kutia nanga huko kwa sababu ya mauaji ya nyangumi ufukweni, lakini wenyeji, ambao huwala nyangumi hao, hawakuacha. Tofauti inaeleweka. Alaska ilikuwa ikipima fedha za wawindaji na fedha za watalii. Faroe ilikuwa ikiulizwa kuhusu chakula na mila zake, na mgeni hana nguvu kubwa hapo.

Siku hizi ususiaji mwingi hauhusu nchi bali burudani. Mwaka 2016 TripAdvisor ilitangaza kuacha kuuza tiketi za shughuli ambazo mtalii hugusa wanyamapori waliofungwa, kama kupanda tembo au kumpapasa chui.

Tanzania na uwindaji wa kitalii

Malalamiko mengi dhidi ya Tanzania yanahusu uwindaji wa kitalii, ambao ni halali katika mapori ya akiba na vitalu vingine vilivyotengwa, na ni marufuku katika hifadhi za taifa. Nchi iliwahi kuupiga marufuku kuanzia 1973 hadi 1978, na ujangili haukukoma kwa hilo. Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977 na haijaurudisha. Hata hivyo utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wanyamapori wakubwa wa nyanda za malisho za Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68 kati ya 1977 na 2016, kwa sababu ya mifugo, uzio, mashamba na ujangili. Takwimu hiyo haithibitishi kwamba uwindaji unahifadhi wanyama. Inaonyesha tu kwamba kuuondoa hakutoshi.

Mwaka 2014 ulikuwa mgumu. Sensa zilionyesha kwamba tembo wa Tanzania walikuwa wamepungua kutoka takribani 109,000 mwaka 2009 hadi takribani 43,000, na Marekani ikasimamisha uingizaji wa nyara za tembo kutoka Tanzania. Mwaka huohuo Waziri wa Maliasili na Utalii, Lazaro Nyalandu, alifuta leseni ya kampuni moja ya uwindaji baada ya video ya ukatili kwa wanyama kuonyeshwa bungeni. Julai 2015 simba aliyeitwa Cecil aliuawa Zimbabwe, na mashirika kadhaa ya ndege ya Marekani yakakataa kubeba nyara. Australia na Ufaransa zilizuia nyara za simba mwaka huo. Katika miaka iliyofuata vitalu vingi vya Tanzania vilirudishwa serikalini kwa kukosa faida. Wengi walifurahi, ila kitalu kisicho na mwenye leseni hakibaki na askari wa kukilinda, isipokuwa serikali imlipe.

Mgogoro wa karibuni zaidi ulihusu tembo dume wenye pembe kubwa wa Amboseli, ambao huvuka mpaka. Kuanzia mwishoni mwa 2023 hadi mapema 2024 kadhaa waliuawa kwa leseni upande wa Tanzania, katika eneo la Enduimet, baada ya karibu miaka thelathini ya makubaliano yasiyo rasmi ya kutowapiga. Wanasayansi waliowafuatilia kwa miongo walipinga hadharani, na miito ya kuisusia Tanzania ikasambaa.

Jambo lingine ni biashara ya wanyama hai. Novemba 2010 zaidi ya wanyama 100, wakiwemo twiga wanne, walisafirishwa kwa ndege ya kijeshi kutoka Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro kwenda Qatar. Kashfa hiyo iliwaudhi Watanzania wenyewe kuliko wageni. Mwaka 2016 serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi, na jaribio la kuulegeza Juni 2022 lilizuiwa na waziri karibu mara moja kutokana na kelele za wananchi. Hapakuwa na mtalii aliyesusa chochote. Wananchi walisema, na ikatosha.

Ufipa, Rukwa na Katavi

Kutoka Sumbawanga barabara ya kaskazini huenda Mpanda na kupita ndani ya Hifadhi ya Taifa Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974 na yenye kilomita za mraba 4,471. Hifadhi hiyo imezungukwa na mapori ya akiba ya Rukwa, Lukwati na Lwafi. Kusini-mashariki, kwenye Ziwa Rukwa, kuna pori la Uwanda. Ndani ya mbuga mgeni hupiga picha, na nje ya mpaka mgeni mwingine hupiga risasi. Mnyama hajui mpaka uko wapi.

Msafiri wa Ulaya anayeamua kuisusia Tanzania nzima kwa sababu ya uwindaji kwa kawaida ni yule ambaye angekuja na kamera. Mwindaji hasomi tangazo lile. Kwa Serengeti, pengo la mtu mmoja halionekani. Kwa Katavi, ambako kufika ni kwa ndege ndogo au kwa safari ndefu ya barabara na ambako kambi ni za kuhesabika kwa vidole, kundi moja likifuta safari ni mpishi, dereva na mwongozaji waliokosa kazi msimu huo. Ardhi inayokosa wageni wa kamera haiwi msitu mtakatifu. Hubaki chaguo la bunduki, au la mpunga na ng'ombe.

Mateso makubwa zaidi ya wanyama yanayoonekana Katavi hayasababishwi na watalii wala wawindaji. Kila kiangazi, hasa kuanzia Agosti hadi Oktoba, mamia ya viboko husongamana katika madimbwi ya matope ya Mto Katuma na Ziwa Chada, wakijeruhiana na wengine wakifa. Kiangazi ni cha asili, lakini kimezidishwa na maji ya Katuma kuchepushwa juu ya mto kwa ajili ya umwagiliaji, hasa wa mpunga. Picha za viboko wale zimewachoma moyo wageni wengi. Hata hivyo kuisusia hifadhi hakurudishi ndoo moja ya maji mtoni, kwa kuwa mkulima wa mpunga hategemei mtalii. Suala lile ni la ofisi ya bonde la maji na mabaraza ya wilaya, na wanafunzi wa jiografia wa mkoa wangeweza kulifuatilia vizuri kuliko mgeni wa wiki moja.

Simba nao wana habari yao. Wasukuma waliohamia bonde la Rukwa na Mpimbwe pamoja na mifugo walikuja na desturi ya kucheza simba: kijana aliyemuua simba hucheza nyumba kwa nyumba na kupewa zawadi, zikiwemo ng'ombe. Desturi ilianza kama shukrani kwa aliyelinda zizi, lakini baadhi waligundua kwamba simba wa porini analipa sawasawa na yule wa zizini. Mradi wa WASIMA (Watu, Simba na Mazingira) ulifanya kazi na wazee, sungusungu na serikali za vijiji ili wasiolinda mifugo wasipewe kitu. Huo nao ni ususiaji, tena wa wenye ng'ombe wenyewe.

Juu Ufipa penyewe vivutio ni vya kutazama bila kugusa. Msitu wa Mbizi, karibu na mji wa Sumbawanga, una mbega wekundu, na adui yao ni shoka na moto. Kwenye Maporomoko ya Kalambo, yenye kimo cha zaidi ya mita 200 mpakani mwa Zambia, kongoti hujenga viota katika kuta za korongo wakati wa kiangazi. Anayerusha mawe ili waruke apate picha huwaacha makinda bila mlinzi.

Kizimkazi: kususa nini hasa?

Kusini mwa Unguja, wavuvi wa Kizimkazi waliwahi kuwaua pomboo kwa ajili ya chambo cha papa. Utalii wa kuwatazama ulipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, pomboo hai akawa na bei kuliko aliyekufa, na uwindaji ule ukakoma katika miaka hiyohiyo. Baadaye likaja tatizo la pili: mashua nyingi kukimbiza kundi moja na watu kuruka majini juu yake. Watafiti wameonyesha kwamba penye mashua pomboo hupumzika kidogo na kusafiri zaidi. Anayesusia Kizimkazi yote anaweza kuwarudisha wavuvi kwenye chambo. Anayemlipa nahodha yeyote bila kuuliza anaendeleza msukosuko. Kati ya hayo kuna nafasi ya kumlipa nahodha anayekaa mbali, anayezima injini na asiyeruhusu kuruka, na kumwambia kwamba analipwa kwa sababu hiyo.

Mwaka ambao wote walisusa

Janga la UVIKO-19 liliifanya dunia isusie bila kukusudia. Watalii wa kimataifa walioingia Tanzania walikuwa 1,527,230 mwaka 2019 na 620,867 mwaka 2020. Viingilio vya hifadhi vilipungua vibaya wakati doria zilihitaji mafuta na mishahara ileile, na jumuiya za hifadhi za wanyamapori za vijijini ziliumia zaidi kwa kuwa hazina akiba.

Maamuzi ya msafiri

Mashirika ya ustawi wa wanyama kwa kawaida huwashauri wasafiri kususia tendo kabla ya kususia mahali: kutopanda wanyama, kutoshika wala kulisha wanyamapori, kutonunua pembe, ngozi au gamba la kasa, na kumuuliza mwenye kambi kama kampuni yake ina vitalu vya uwindaji. Kususia nchi nzima hufaa zaidi pale serikali yenyewe ndiyo inayotenda jambo linalopingwa na wenyeji nao wanaomba msaada huo.

Raia ana uwezo zaidi kuliko mgeni, kwa kuwa anapiga kura na anasikika bungeni. Hata abiria wa basi la Sumbawanga hadi Mpanda anaweza kumwambia dereva apunguze mwendo ndani ya hifadhi, au amkatalie utingo anayewafunga kuku miguu na kuwaning'iniza kichwa chini juu ya keria. Katika Hifadhi ya Mikumi, inayokatwa na barabara kuu vilevile, dereva anayegonga mnyama hutozwa faini kulingana na aina ya mnyama.