Kwa Nini Mjusi wa Tendaguru Alisimamishwa Upya

Katika jumba la makumbusho ya viumbe mjini Berlin, Ujerumani, imesimama mifupa ya dinosaria aliyeishi kusini mwa Tanzania yapata miaka milioni 150 iliyopita. Ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, chini ya utawala wa Wajerumani. Mamia ya wananchi, wakiongozwa na msimamizi Boheti bin Amrani, waliifukua, kisha wapagazi wakaichukua kwa miguu hadi bandarini Lindi.

Mnyama huyo, aitwaye Giraffatitan, alisimamishwa mara ya kwanza mwaka 1937. Wataalamu wa wakati ule walimwunda kwa mfano wa mjusi: viwiko vya miguu ya mbele vilitokeza nje, na mkia ukaburura chini. Mwaka 2005 mifupa ilishushwa na kusafishwa; mwaka 2007 ikasimamishwa tena. Sasa miguu imenyooka kama nguzo, mkia umeinuliwa, na kichwa kimefika mita 13.27 kutoka sakafuni.

Mabadiliko haya yana sababu. Kwanza, nyayo za dinosaria wa jamii hii zilizohifadhiwa katika mawe huonyesha hatua za kushoto na kulia zikikaribiana, na alama za mkia ni nadra. Pili, ni suala la nguvu. Mwanafunzi na asimame wima akiwa na ndoo ya maji, kisha akunje magoti: mara moja atahisi misuli ikichoka. Mguu ulionyooka huuachia mfupa kazi ya kubeba uzito.

Kompyuta nazo zimesaidia. Makadirio ya awali yaliyofanywa kwa kupima mifupa hiyo yalimpa mnyama huyu tani 74. Upimaji wa baadaye kwa miali ya leza ulishusha uzito hadi tani 38 hivi. Katika ukumbi huo viliwekwa pia vyombo vya kutazamia ambavyo huonyesha mifupa ikivikwa nyama na ngozi, kisha mnyama akitembea.

Picha za namna hiyo zaweza kumfikia hata mwanafunzi wa Lindi. Lakini picha si mfupa wenyewe, na suala la kuirejesha mifupa hiyo Tanzania limezungumzwa mara nyingi, hata Bungeni. Makumbusho yaliyokubali kusahihisha mkao wa mnyama yanadaiwa pia kueleza kwa ukamilifu alikotoka, na ni mikono ya nani iliyomfukua.