Upasuaji wa Matundu Madogo na Kusambaa kwa Saratani ya Tumbo

Upasuaji wa matundu madogo humwezesha daktari kufika kwenye viungo vya ndani bila kupasua tumbo zima. Ngozi hutobolewa sehemu chache, kila tundu likiwa na upana wa milimita 5 hadi 12, kisha tumbo hujazwa hewa ya kabonidayoksaidi ili ukuta wake unyanyuke na viungo vionekane. Kamera hupita tundu moja, mikasi na koleo hupita mengine, na daktari hufanya kazi huku akitazama skrini. Mgonjwa huumia kidogo na huruhusiwa kurudi nyumbani mapema. Kwa mwenye saratani, hata hivyo, jambo kubwa ni kama njia hiyo inaweza kuusambaza ugonjwa.

Saratani ya viungo vya tumbo husambaa kwa njia kuu kadhaa. Seli zake husafiri katika damu, hupita mishipa ya limfu, hupenya viungo jirani, au hudondoka ndani ya tumbo na kuota mahali pengine. Njia hii ya mwisho ndiyo iliyo mikononi mwa mpasuaji. Uvimbe ukiminywa kwa koleo, ukichanika au ukivuja, seli zake zinaweza kushika kwenye utando unaozunguka viungo vya tumbo, au kwenye kidonda kibichi.

Hofu ilianza mapema. Mwaka 1991 zilichapishwa taarifa za kwanza za kukata utumbo mpana kwa matundu, na muda si mrefu madaktari wakaanza kuona saratani ikiota kwenye makovu ya matundu yenyewe. Mwaka 1994 madaktari wa Uholanzi walieleza kuwa wagonjwa 3 kati ya 14 walipatwa na hali hiyo. Hewa iliyojazwa tumboni ilishukiwa kurusha seli na kuzisukuma nje kupitia matundu. Zana zilizogusa uvimbe kisha zikatolewa na kurudishwa mara kwa mara zilishukiwa pia, na vilevile uzoefu mdogo wa wapasuaji wa wakati huo.

Jibu lilipatikana kwa kulinganisha wagonjwa wengi. Utafiti wa Marekani na Kanada uliotolewa mwaka 2004 uliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 872 wa saratani ya utumbo mpana: baadhi walipasuliwa tumbo, wengine walitobolewa matundu. Baada ya miaka mitatu, ugonjwa ulikuwa umerudi kwa asilimia 18 ya waliopasuliwa na asilimia 16 ya waliotobolewa, tofauti isiyo na uzito kitakwimu. Saratani kwenye kidonda haikufika asilimia 1 katika kundi lolote. Tafiti kubwa za Ulaya nazo hazikuona kwamba matundu yanafupisha maisha ya wagonjwa hao.

Saratani ya mlango wa kizazi ilileta matokeo tofauti. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa kimataifa wa wanawake 631 waliokuwa katika hatua za mwanzo za ugonjwa huo. Baada ya miaka minne na nusu, asilimia 96.5 ya waliopasuliwa tumbo walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, dhidi ya asilimia 86 ya waliofanyiwa kwa matundu, wakiwemo wachache waliotumiwa roboti. Hushukiwa kifaa kinachoingizwa ukeni kusogeza mfuko wa uzazi, ambacho hugusa uvimbe moja kwa moja, pamoja na kukata uke ndani ya tumbo lililojaa hewa. Tangu hapo, kupasua tumbo ndiyo njia inayopendekezwa kwa saratani hiyo, ambayo ni miongoni mwa zinazoua wanawake wengi zaidi Afrika Mashariki.

Hatari nyingine ni uvimbe usiotambuliwa. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya dhidi ya mashine za kusaga vivimbe vya mfuko wa uzazi ndani ya tumbo, ikikadiria kuwa takriban mwanamke 1 kati ya 350 wanaofanyiwa upasuaji wa vivimbe hivyo ana saratani iliyojificha. Kusaga huko kunaweza kuitawanya tumbo zima. Vivyo hivyo, kibofu cha nyongo huweza kuondolewa kwa sababu ya mawe, kumbe kina saratani. Kikichanika wakati wa kutolewa, nyongo yenye seli humwagika.

Kinga imo katika namna ya kufanya kazi. Uvimbe haushikwi, hushikwa nyama nzima iliyo kando yake. Mirija ya matundu hukazwa isichomoke, na hewa hutolewa kupitia mirija hiyo kabla haijaondolewa. Kipande kilichokatwa hutiwa kwenye mfuko, au hupitishwa kwenye mkato mdogo uliotandikwa plastiki ili kisiguse kingo za kidonda.

Matundu husaidia pia kuutambua ugonjwa uliokwisha kusambaa. Katika saratani ya tumbo la chakula, kamera huweza kuonyesha vijipele vya saratani kwenye utando ambavyo picha za CT hazikuviona. Mgonjwa wa namna hiyo huepushwa na upasuaji mkubwa usiomfaa, akaanzishiwa tiba ya dawa.

Kwa hiyo uamuzi hautegemei ukubwa wa mkato. Hutegemea kiungo chenye saratani, hatua ya ugonjwa, uzoefu wa mpasuaji, na kama uvimbe unaweza kutolewa mzima bila kuvuja. Njia ya matundu isipotimiza sharti hilo la mwisho, tumbo hupasuliwa.