Weupe wa Aina Tatu: Ukoma, Mbalanga na Ualbino katika Lugha na katika Tiba

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Hata hivyo, yapo maradhi ambayo mgonjwa hawezi kuyaficha. Yako wazi usoni, mikononi na miguuni, na kila apitaye huyaona na kuyapa jina. Tatizo la maradhi ya namna hii si kufichwa, bali ni kupewa jina lisilokuwa lake. Jina likikosewa, dawa nayo hukosewa. Na jina likiwa la kutisha, mgonjwa huacha kuitafuta dawa yenyewe.

Makala haya yanadhamiria kueleza hali tatu zinazoifanya ngozi ipoteze rangi yake, nazo ni ukoma, mbalanga na ualbino. Kwa mtazamo wa macho, zote tatu ni weupe juu ya ngozi iliyotarajiwa kuwa nyeusi. Kwa mtazamo wa tiba, zinatofautiana kama mbingu na ardhi. Ya kwanza huletwa na bakteria na huponywa kwa vidonge. Ya pili huletwa na kinga ya mwili wenyewe, haiambukizi, na huweza kutulizwa. Ya tatu si ugonjwa bali ni hali ya kuzaliwa nayo, ambayo haihitaji kuponywa ila mwenye nayo huhitaji kukingwa. Anayezichanganya hali hizi humwogopa asiyeambukiza, na humchelewesha aliyestahili kutibiwa mapema.

Msamiati wa maradhi ya ngozi

Kiswahili hakina uhaba wa majina ya maradhi ya ngozi. Yapo choa, mba, upele, mbalanga, barasi, jedhamu na ukoma. Kinachosumbua ni mipaka baina ya majina hayo. Barasi na jedhamu, kwa mfano, ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Katika lugha hiyo, neno lililozaa jedhamu huelekea zaidi kwenye ukoma, na lile lililozaa barasi huelekea kwenye weupe wa ngozi. Katika matumizi ya Kiswahili mpaka huo umefifia, kiasi kwamba barasi huweza kufasiriwa kuwa ukoma au mbalanga kwa kutegemea msemaji.

Tafsiri nazo zimechangia. Katika sura ya 13 na ya 14 za Mambo ya Walawi, neno la Kiebrania ambalo kwa muda mrefu limefasiriwa kuwa ukoma hutumiwa kwa dosari za ngozi, na pia kwa dosari za nguo na za kuta za nyumba. Ni dhahiri kwamba maradhi yanayoweza kuushika ukuta hayawezi kuwa yale yanayoletwa na bakteria wa ukoma. Neno la asili lilikuwa na uwanda mpana wa maana. Neno la Kiswahili lililochaguliwa likaubeba uwanda huo wote. Hivyo basi, msomaji wa kawaida akakutana na ukoma kama jina la kila weupe, na juu yake likaongezwa wazo la unajisi na la kutengwa.

Rangi ya ngozi na namna inavyopotea

Ili kuzitofautisha hali hizi, yafaa kwanza kufahamu rangi ya ngozi hutoka wapi. Katika tabaka la juu la ngozi mna seli maalumu zinazotengeneza melanini, yaani kiini cha rangi. Melanini huipa ngozi, nywele na macho rangi yake, na vilevile huzikinga seli dhidi ya miale mikali ya jua. Rangi huweza kukosekana kwa njia tatu. Seli hizo huweza kuwapo lakini zisiweze kutengeneza melanini ya kutosha. Huu ndio ualbino. Huweza kuwapo na kufanya kazi, kisha zikaangamizwa sehemu fulani za mwili. Hii ndiyo mbalanga. Aidha, huweza kupungukiwa na rangi kwa sababu bakteria wameivamia ngozi pamoja na neva zake. Huu ndio ukoma.

Ukoma: weupe wenye ganzi

Bakteria wa ukoma aligunduliwa mwaka wa 1873 na Gerhard Armauer Hansen, daktari wa Norway. Kabla ya hapo, wengi walidhani kwamba ukoma ni ugonjwa wa kurithi au ni laana. Bakteria huyu huzaana polepole mno. Kwa wastani, dalili hujitokeza miaka 5 hivi baada ya maambukizi, na huweza kuchukua hata miaka 20. Ugonjwa huenezwa na matone yatokayo puani na kinywani mwa mgonjwa ambaye hajatibiwa, na huhitaji kukaa naye karibu kwa muda mrefu. Kusalimiana kwa mkono au kuketi pamoja hakutoshi kuuambukiza. Isitoshe, watu wengi wana kinga ya kimaumbile dhidi yake.

Dalili ya kwanza aghalabu ni baka lililopauka au jekundujekundu. Baka la ukoma huwa limefifia tu. Halina weupe wa chaki. Jambo muhimu zaidi ni kwamba baka hilo huwa na ganzi. Mhudumu wa afya huhitaji kipande cha pamba tu ili kulipima. Mgonjwa hufumba macho, naye mhudumu hugusa ngozi kwa ncha ya pamba, mara ndani ya baka, mara nje yake. Mgonjwa huonyesha kwa kidole kila anapohisi kuguswa. Akikosa kuhisi ndani ya baka, hiyo ni ishara kuu ya ukoma. Ishara nyingine ni neva iliyovimba, hasa kwenye kiwiko, nyuma ya goti au shingoni, ikiandamana na ganzi au udhaifu wa misuli. Zaidi ya hayo, majimaji yanayochukuliwa kwenye ndewe la sikio au kwenye baka huweza kuchunguzwa kwa hadubini ili bakteria waonekane.

Inaaminika na wengi kwamba ukoma hukata vidole. Ukweli ni kwamba neva zikifa, mgonjwa hahisi maumivu. Hushika sufuria ya moto asijue, hukanyaga mwiba asijue, na kidonda hukua pasipo kuuguzwa. Ulemavu hutokana na majeraha hayo na na misuli iliyopooza. Tiba ikianza kabla ya neva kufa, ulemavu huo huepukwa.

Tiba yenyewe ipo. Mwaka wa 1981 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mseto wa dawa tatu: dapsoni, rifampisini na klofazimini. Tangu mwaka wa 1995 dawa hizi zimekuwa zikitolewa bila malipo duniani kote. Mwenye mabaka yasiyozidi 5 hutumia dawa kwa miezi 6, naye mwenye mabaka zaidi hutumia kwa miezi 12. Mgonjwa huacha kuambukiza wengine muda mfupi baada ya kuanza dawa, hivyo hakuna sababu ya kitabibu ya kumtenga. Yafaa aelezwe mapema kwamba rifampisini huufanya mkojo uwe mwekundu na klofazimini huifanya ngozi iwe nyeusi zaidi kwa muda, asije akaziacha kwa hofu.

Hapa ndipo palipo na hatari ya kipekee. Ukoma umepungua sana. Mwaka wa 2000 ulitangazwa kuwa si tatizo tena la afya ya umma katika kiwango cha dunia, na mnamo Septemba 2024 Jordan ikawa nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kwamba imeutokomeza. Hata hivyo, mwaka wa 2023 pekee wagonjwa wapya zaidi ya 180,000 waligunduliwa duniani. Nchini Kenya, kituo cha Alupe kilichoko Busia kilijulikana kwa miongo mingi kama mahali pa kuwatunzia wagonjwa wa ukoma. Kadiri ugonjwa unavyokuwa adimu, ndivyo wahudumu waliowahi kuuona wanavyopungua. Baka la ukoma huchukuliwa kuwa choa au mba, mgonjwa hupewa dawa ya kupaka, na miezi hupita huku neva zikifa. Uadimu wa ugonjwa huwa sababu ya kuchelewa kwake kutambuliwa.

Mbalanga: weupe unaohisi

Katika mbalanga, kinga ya mwili huzishambulia seli za rangi kana kwamba ni adui. Mabaka huwa meupe kabisa, yenye mipaka iliyo wazi, na mara nyingi hutokea pande zote mbili za mwili kwa ulinganifu: mikononi, kandokando ya macho na mdomo, magotini na viwikoni. Ngozi iliyo ndani ya baka huwa laini kama kawaida, na huhisi mguso, joto na maumivu. Pamba ile ile inayofichua ukoma ndiyo inayomwondolea mwenye mbalanga shaka ya ukoma.

Daktari wa ngozi huweza pia kutumia taa ya Wood, ambayo mwanga wake huyafanya mabaka yang'ae katika chumba chenye giza. Aidha, huenda akaagiza kipimo cha damu cha tezi ya shingo, kwa kuwa maradhi ya tezi hiyo huandamana na mbalanga kwa baadhi ya watu. Tiba ni pamoja na krimu za steroidi, dawa za kupaka zinazotuliza kinga ya ngozi, na mionzi maalumu ya urujuanimno inayotolewa hospitalini. Mwaka wa 2022 Marekani iliidhinisha krimu ya ruksolitinibu, dawa ya kwanza kukubaliwa nchini humo kwa kurejesha rangi ya mabaka ya mbalanga. Rangi hurudi polepole, usoni upesi kuliko vidoleni, na wakati mwingine mabaka hutokea tena.

Mwanamuziki Michael Jackson alieleza mwaka wa 1993 katika mahojiano ya televisheni kwamba alikuwa na maradhi yanayoharibu rangi ya ngozi. Wengi hawakumsadiki. Uchunguzi wa maiti yake mwaka wa 2009 ulithibitisha kwamba alikuwa na mbalanga. Ikiwa mtu mashuhuri kiasi hicho hakusadikiwa, mwanakijiji asiyejulikana hutegemea nini ila jina sahihi kutoka kwa wenziwe?

Ualbino: weupe wa kuzaliwa nao

Ualbino hurithiwa. Kwa kawaida mtoto huupata anapopokea jeni husika kutoka kwa baba na kwa mama pia, ingawa wazazi wenyewe huweza kuwa weusi kabisa. Wazazi wawili wenye jeni hiyo wana uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mwenye ualbino katika kila ujauzito. Kwa hiyo, shutuma za uzinzi anazotupiwa mama hazina msingi wowote, maana jeni ya baba nayo imo.

Ualbino hutambuliwa kwa kuangalia ngozi, nywele na hasa macho. Macho huchezacheza, huumizwa na mwanga, na uwezo wa kuona mbali huwa hafifu. Zipo pia aina adimu mno ambapo mtoto huchubuka na kutokwa na damu kwa urahisi. Dalili hizo zikionekana, damu yake hupaswa kupimwa. Adui mkuu wa mwenye ualbino katika nchi za joto ni saratani ya ngozi. Kinga yake ni kofia pana, nguo za mikono mirefu, kukwepa jua kali la mchana, losheni ya kukinga jua na uchunguzi wa ngozi wa mara kwa mara ili vidonda viondolewe vikiwa vidogo. Darasani, kuketishwa mbele na kupewa maandishi makubwa huweza kuamua iwapo mtoto atafaulu au atadhaniwa kuwa mzito wa akili.

Sensa ya Kenya ya mwaka wa 2019 iliwahesabu watu 9,729 wenye ualbino. Umoja wa Mataifa nao uliamua mwaka wa 2014 kwamba tarehe 13 Juni iwe siku ya kimataifa ya kuhamasisha watu kuhusu ualbino, baada ya mashambulizi na mauaji ya kikatili yaliyoripotiwa hasa nchini Tanzania.

Sarufi na utu

Wanafunzi wa Kiswahili wanafahamu kwamba ngeli si kapu tupu la kutilia nomino. Neno zeruzeru, ambalo wingi wake ni mazeruzeru, limo katika umbo la majina ya vitu. Upatanisho wa kiutu huja baadaye kama kwa hisani. Mtu mwenye ualbino, kinyume chake, ni mtu kwanza. Vilevile, kumwita mtu mkoma ni kuufanya ugonjwa kuwa nafsi yake yote, hata baada ya kupona. Ilhali aliyeugua ukoma ni kirai kinachokiri kwamba kuugua kuna mwisho. Kusema mgonjwa wa ualbino nako ni kosa la maana, maana hapana ugonjwa unaouguliwa. Mwaka wa 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio dhidi ya ubaguzi wa walioathiriwa na ukoma, na katika mwaka huo huo Katiba ya Kenya, kifungu cha 27, ikapiga marufuku ubaguzi kwa misingi ya rangi, ulemavu na hali ya afya. Sheria hizo zitabaki karatasini iwapo lugha ya kila siku itaendelea kutenga.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba weupe wa ngozi ni wa aina tatu: ule usiohisi, ule unaohisi, na ule wa tangu kuzaliwa. Kipande cha pamba na swali moja, lile la hali hiyo ilianza lini, hutosha kuelekeza njia ya kwanza. Uthibitisho ni kazi ya daktari. Hata hivyo, mgonjwa hafiki kwa daktari kabla hajapita mikononi mwa jamaa, jirani na mwalimu, na hao wote humsemesha kwa Kiswahili. Ni wajibu wa watunzi wa kamusi, wafasiri, wanahabari na walimu kuzitenganisha maana za barasi, mbalanga na ukoma, na kuzifunza hivyo. Ngozi ivute ili maji: baka lililotajwa vyema lingali changa huponyeka, na lililochelewa huacha kilema ambacho hakuna msamiati utakaokiondoa.