Kwihara: Mwindaji Asiye na Manati

Ikiwa unayo kamera inayolala kabatini, Jumapili moja iamshe. Toka mjini Tabora alfajiri pamoja na watoto, mwelekee Kwihara, mwendo wa kilometa chache tu. Hapo ndipo Livingstone alipokaa tangu Februari hadi Agosti 1872, na nyumba ya tembe ya huko ni makumbusho. Wageni wengi huitazama nyumba, wakawasahau waimbao juu ya miti.

Anayeanza kupiga picha za ndege hukosea jambo moja: humfukuza ndege. Jioni huwa na picha thelathini za mikia na matawi matupu. Usifukuze, ngojea. Chozi hurudia maua yale yale yenye utamu, na ndege alaye nzi hurudi kwenye kijiti kile kile baada ya kila windo. Basi chagua ua au kijiti, kaa kimya, jua likiwa mgongoni mwako, ulenge mapema. Kwa lenzi ya milimita 300, tumia kasi ya 1/500 ya sekunde au zaidi, picha isitikisike. Lenga jicho, jicho likififia, picha nzima imepotea.

Katika miti ya miombo yupo ndege mdogo alaye wadudu, mwenye madoa meusi kifuani. Wataalamu wamempa jina la Richard Böhm, Mjerumani aliyekusanya ndege huko Kakoma, kusini mwa Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1880. Zama zile mtaalamu alimwua ndege ili amchunguze. Wewe huna haja hiyo; lakini unao mtihani wako.

Septemba na Oktoba miombo huchipua na ndege wengi hujenga viota. Utakiona kiota, na kijitawi kimoja kitakuzibia. Mkono utawasha kukivunja. Usikivunje! Majani hayo ndiyo paa la makinda, yanawaficha jua, mwewe na nyoka. Na mama yao akiogopa kurudi, watakufa kwa njaa. Picha iliyopatikana hivyo ni hasara, hata ikipendeza namna gani. Rudi nyuma, na umweleze mwanao sababu.

Mkipata picha moja tu iliyo safi, itundikeni ukutani. Mtoto aliyengoja saa nzima ili amwone chozi mmoja, kesho atasita kabla ya kuvuta manati.