Njia ya Kwenda Santiago, na Watu Wanaoitunza



Watu wa kila dini wana mahali wanapopaheshimu, na tangu zamani wamekuwa wakipaendea kwa miguu. Waislamu wa pwani yetu wamesikia habari za misafara iliyovuka majangwa kwenda Makka, kabla ya kuja merikebu za moshi na baadaye ndege. Wakristo wa Uganda, Kenya na Tanzania wajua habari za Namugongo, ambako tarehe 3 Juni ya kila mwaka hukusanyika watu wengi sana, na baadhi yao wametembea siku nyingi barabarani. Leo twataka kueleza habari za njia moja ya hija iliyo Ulaya, ambayo sisi wenyewe tumeitembea kwa miguu toka mwanzo hata mwisho. Nayo ni njia iendayo Santiago de Compostela, katika pembe ya kaskazini-magharibi ya nchi ya Uhispania. Na katika kueleza habari zake twataka hasa kujibu swali moja: ni kitu gani kiifanyacho njia ya hija idumu miaka elfu na zaidi, na ni kitu gani kiwezacho kuiua?

Wakristo wa Uhispania husimulia ya kuwa Mtakatifu Yakobo, mmoja wa wale Mitume 12, alizikwa pande zile, na kwamba kaburi lake lilionekana katika karne ya 9, zamani za mfalme Alfonso wa Pili. Wako wataalamu wa historia wasiosadiki habari hiyo, wala hatukusudii leo kuamua kati yao. Lililo yakini ni kwamba watu walianza kwenda. Kanisa kuu lililopo sasa lilianza kujengwa mwaka 1075, na katika karne ya 12 njia zilizotoka Ufaransa zilikuwa zimekwisha kujulikana sana, hata pakaandikwa kitabu cha kuwaongoza mahujaji. Kitabu hicho chataja mito yenye maji mazuri na mito yenye maji ya kudhuru. Tena chawaonya wasafiri juu ya wavushaji wa mto mmoja karibu na milima ya Pyrenees, ambao chombo chao kilikuwa mtumbwi mdogo wa mti mmoja, nao walikuwa wakijaza watu kupita kiasi na kutoza nauli isiyo ya haki. Twaona basi ya kuwa hapo zamani, kama vile sasa, msafiri alikuwa mikononi mwa watu wa njiani. Wakiwa wema alifika, wakiwa wabaya aliangamia.

Njia tuliyoifuata sisi ndiyo iitwayo Njia ya Wafaransa. Yaanza katika mji mdogo wa Saint-Jean-Pied-de-Port, upande wa Ufaransa, na urefu wake hata Santiago ni kama maili 480. Mtu mwenye afya aendaye maili 14 au 15 kila siku huimaliza kwa muda wa majuma matano hivi. Hubeba shanta lenye nguo za kubadili, mfuko wa kulalia na chupa ya maji. Hushika bakora, na wengi hufunga nyuma ya shanta kombe la baharini, ambalo ni alama ya mahujaji wa Mtakatifu Yakobo tangu kale. Tena hupewa kijitabu, na kila nyumba alalayo hupigwa muhuri ndani yake. Afikapo mwisho, akiweza kuonyesha kwa mihuri hiyo kwamba ametembea kilometa 100 za mwisho kwa uchache, hupewa cheti kilichoandikwa kwa Kilatini.

Siku ya kwanza yachosha kuliko zote, maana msafiri hupanda toka bondeni hata kufika futi 4,600 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Tulipanda katika ukungu mzito. Kondoo na farasi hatukuwaona, ila tulisikia njuga zao huku na huku. Jioni tuliteremka hata Roncesvalles, ambako pana nyumba ya kupokelea mahujaji tangu karne ya 12. Baada ya sala ya jioni padre aliwaita wasafiri wote mbele ya madhabahu akawaombea. Tulikuwa watu wa mataifa mengi, na wengine si Wakristo kabisa, lakini hakuna aliyeulizwa dini yake kabla ya kupewa kitanda.

Kutoka hapo mtu huanza kukutana na kazi za watu waliokufa zamani, naye hunufaika nazo kila siku. Mahali paitwapo Puente la Reina, yaani Daraja la Malkia, tulivuka mto juu ya daraja la mawe la karne ya 11, ambalo matao yake yangali imara. Siku chache mbele tulifika mji uitwao Santo Domingo de la Calzada. Jina hilo ni la mtu, Domingo, aliyezaliwa mwaka 1019. Alitaka kuwa mtawa akakataliwa. Basi akakaa msituni kando ya njia, na alipoona taabu ya mahujaji akaanza kukata miti, kutengeneza barabara, kujenga daraja na nyumba ya wageni. Alikufa mwaka 1109, na mji ukakua mahali pa kazi yake. Mwanafunzi wake, Juan, aliifuata kazi hiyohiyo mbele zaidi, katika milima ya Oca iliyokuwa maficho ya wanyang'anyi. Hata leo katika kanisa la Santo Domingo hufugwa jogoo na kuku ndani ya kizimba kilicho juu ukutani, kwa ukumbusho wa hadithi ya kale ya kijana aliyenyongwa bila hatia naye asife. Wako waendao kutazama kuku hao tu, na huku wamepita juu ya daraja pasipo kumkumbuka aliyelijenga.

Baada ya mji wa Burgos huja uwanda wa juu uitwao Meseta, ambao hutwaa kama maili 120. Wengi huuchukia, na wengine huuruka kwa basi. Kwa kweli hapana cha kutazama ila ngano na mbingu, na korongo waliojenga matundu yao juu ya minara ya makanisa. Mahali pamoja tulikwenda maili 10 na nusu pasipo kukuta kijiji wala kivuli, juu ya barabara iliyotengenezwa na Warumi wa kale. Vijijini tuliona nyumba za matofali mabichi, udongo uliochanganywa na mabua, kama zilivyo nyumba nyingi za kwetu. Lakini nyingi zilikuwa zimefungwa, na kuta zake zarudi kuwa udongo, kwa kuwa vijana wamehamia mijini. Katika vijiji kadhaa duka lililo wazi au mkahawa ulio wazi huishi kwa fedha za wapita njia. Mzee mmoja aliyeketi kibarazani alituambia kwamba mahujaji wasipopita, yeye hupitisha siku nzima asisikie hatua ya mtu.

Katika uwanda huohuo pana magofu ya nyumba ya watawa wa Mtakatifu Antoni, na barabara yapita chini ya tao lake. Watawa hao waliwauguza watu waliopatwa na ugonjwa wa kutisha, uliochoma viungo kama moto na kuvikausha. Siku hizi twajua kuwa uliletwa na kuvu iingiayo katika nafaka. Ukutani, kando ya barabara, tulionyeshwa vidaka viwili. Husemwa ya kuwa hapo ndipo watawa walipokuwa wakiweka mkate, ili hujaji aliyechelewa akakuta mlango umefungwa asilale na njaa. Tulisimama mbele ya vidaka hivyo kuliko tulivyosimama mbele ya makanisa mengi makubwa.

Wala desturi hiyo haikwisha. Katika njia nzima tulikuta nyumba za kulala zinazotunzwa na watu waliojitolea, wengi wao waliotembea njia hiyo zamani, nao huacha makwao kwa majuma mawili ili kufagia, kupika na kuwafunga dawa wenye malengelenge. Nyumba nyingine hutoza fedha kidogo, na nyingine hazitozi kitu. Katika kijiji cha Grañón, wageni hulala juu ya magodoro ndani ya jengo la kanisa, na kasha la fedha huachwa wazi ili mwenye nacho atie na mhitaji atwae. Tuliketi mezani pamoja na watu tusiojua lugha yao, tukamenya viazi pamoja, tukaosha vyombo pamoja.

Sasa twarudia swali letu. Njia hii iliwahi kufa, au karibu ya kufa. Katika karne ya 16 sehemu kubwa ya Ulaya iliyaacha mafundisho ya Kanisa la Roma juu ya hija, na vita vikazifunga barabara. Mwaka 1589 askofu mkuu wa Santiago, akiogopa kushambuliwa na Waingereza, aliificha mifupa iliyoheshimiwa kuwa ya Mtume. Haikuonekana tena hata mwaka 1879. Kisha mwaka 1836 serikali ya Uhispania ilitwaa mali za watawa, na nyumba nyingi zilizowapokea mahujaji zikafungwa. Lakini kanisa lilikuwa palepale, na mlima ulikuwa palepale. Kilichokosekana ni mlango wa kubisha hodi. Hata ilipofika miaka ya 1970, watu waliotembea njia nzima kwa mwaka walikuwa wachache mno, na mahali pengi hapana aliyeweza kumwambia mgeni apite wapi.

Habari ya kufufuka kwake tuliipata katika kijiji cha O Cebreiro, juu ya mlima, zaidi ya futi 4,200. Huko zingaliko nyumba za mviringo zenye kuta za mawe na paa za nyasi, ambazo Mswahili akiziona atasema ni nyumba za msonge. Padre wa kijiji hicho, Elías Valiña, aliichunguza njia kwa miaka mingi akaandika vitabu juu yake. Mwaka 1984 alitwaa rangi ya manjano na brashi, akasafiri kwa motokaa yake, akachora mishale juu ya mawe, miti na pembe za nyumba toka upande wa Pyrenees. Husimuliwa kwamba askari walipomkuta milimani na makopo yake ya rangi wakamwuliza afanya nini, aliwajibu kuwa atayarisha uvamizi mkubwa utakaotoka Ufaransa. Alikufa mwaka 1989, naye hakuuona ukubwa wa uvamizi huo. Mwaka 2024 waliopata kile cheti cha Santiago walikaribia 500,000. Sisi tuliifuata mishale hiyo kila siku, na tulipokosa kuiona kwa muda wa robo saa, moyo ulianza kudunda.

Kutoka mji wa Sarria, ambako zabaki kilometa 100 na kidogo, njia hujaa watu, kwa sababu wengi huanzia hapo ili wapate cheti. Tulipita Portomarín, mji uliohamishwa kilimani katika miaka ya 1960 wakati bonde lake lilipozamishwa kwa maji ya bwawa la umeme. Kanisa lake lilibomolewa likajengwa upya jiwe kwa jiwe, na baadhi ya mawe yangali na nambari zilizoandikwa wakati wa kazi hiyo. Hatimaye tukafika Santiago. Tuliona lango la ndani lililochongwa na Bwana Mateo, lenye mwaka 1188 ulioandikwa katika jiwe. Tuliona pia chetezo kikubwa chenye uzito wa zaidi ya ratili 110, ambacho watu wanane hukibembeza kwa kamba toka upande mmoja wa kanisa hata wa pili, ingawa hakifukizwi kila siku.

Lakini wingi huo una hatari yake. Wenyeji wa Santiago hulalamika kwamba nyumba zageuzwa kuwa za wageni, na kodi yapanda. Wasafiri wengine huondoka gizani kushindania vitanda, na wengine humwona mtunza nyumba kuwa mtumishi wao. Kufungwa kwa milango kuliwahi kuiua njia. Na yaweza kufa mara ya pili kwa kuchoka kwa wanaoifungua.

Haya twayasema kwa kuwa yatuhusu na sisi. Wakati wa kwenda Namugongo, au mahali pengine po pote pa hija, wako watakaopita mbele ya nyumba zetu wamejaa vumbi. Mwenye kutoa mtungi wa maji, au kumwonyesha mgeni njia iliyo fupi, au kumpa pembe ya kibaraza alale, anafanya kazi ya Domingo na ya Padre Valiña. Na sisi tunaotembea, tukipewa maji, tuulize jina la aliyetupa, na kikombe tukirudishe kikiwa safi.