Tulimwona kisogo: Mpwa wangu, filamu na kodi ya chumba London

Usiku ule nyumba ya dada yangu hapa Al Khoudh ilijaa kama ya harusi. Watu walitoka Seeb, walitoka Al Hail, na mmoja alitoka Sohar. Mandazi ya iliki yalipikwa, kahawa ikapita, watoto wakakalishwa chini mbele ya televisheni. Tulikuwa tunamngoja mtoto wetu. Alikuwa ametupigia simu kutoka London kwamba yumo katika tamthilia ya Kiingereza, sehemu ya tatu, dakika ya 20 na kitu.

Dakika ikafika. Ni sokoni, watu wanapita, askari anamkimbiza mwizi. "Huyo!" mdogo wake akapiga kelele. Tukarudisha nyuma, tukasimamisha picha. Kweli alikuwa yeye, kanzu ya kijivu, kapu mkononi. Tulimwona kisogo. Hakugeuka.

Watoto walicheka. Watu wazima wakasema mashaallah, wakarudi kwenye mandazi. Dada yangu hakucheka. Alinifuata nilipokwenda kunawa mikono, akanambia, "Kaka, miaka minne Uingereza, ndiyo kisogo hiki?"

Sikuwa na jibu. Naandika haya kwa kuwa najua si nyumba yetu peke yake. Wako vijana wetu Dubai, London, Birmingham, hata Marekani, waliotuambia wanataka filamu na televisheni, na sisi wazee hatujui hasa wanaishi vipi. Mie nilibahatika kuona kwa macho yangu.

Siku tano chumbani kwake

Miezi miwili baadaye nilikwenda London kwa shughuli zangu, nikalala kwa mpwa wangu siku tano. Jina lake nalihifadhi. Ana pasi ya Uingereza kwa upande wa baba yake, kwa hiyo ruhusa ya kufanya kazi haikuwa tatizo. Tatizo ni hayo mengine. Ni nyumba ya watu watano, jiko moja, bafu moja, na chumba chake kina kitanda na nafasi ya kutandika mswala. Basi.

Siku ya pili simu yake ililia saa tisa na nusu za usiku. Nilidhani kuna msiba. Kumbe anakwenda kazini. Studio kubwa za Uingereza haziko katikati ya mji. Pinewood, Shepperton na Leavesden ziko nje, na wewe unatakiwa uwe umeshafika alfajiri, kabla treni hazijaanza kupita vizuri. Ukifika unapanga foleni ya nguo, foleni ya nywele, kisha unangoja. Unaweza kungoja saa nane ili upite mbele ya kamera mara tatu. Hao ndio waigizaji wa ziada, wale wanaojaza soko, kanisa, kituo cha gari moshi. Bila wao picha haina watu, lakini majina yao hayaandikwi popote.

Malipo ni ya siku. Wakala anakata fungu lake, na pesa huingia baada ya wiki kadhaa. Mwenye nyumba hangoji wiki kadhaa.

Kilichonishangaza zaidi ni jambo wanaloliita kuandikwa kwa penseli. Wakala anakuuliza, "Jumatatu mpaka Jumatano una nafasi?" Ukisema ndiyo, jina lako linaandikwa kwa penseli. Huruhusiwi kuchukua kazi nyingine siku hizo, na wao hawajakuahidi chochote. Mpwa wangu aliwaomba ruhusa ya siku tatu pale mkahawani anapofanya kazi. Jumapili saa tatu usiku ukaja ujumbe: hawamhitaji tena. Mkahawani zamu zake kashapewa mtu mwingine. Siku tatu zimekwenda, huku hakulipwa, na kule hakulipwa. Mambo kama hayo yakitokea mara mbili katika mwezi mmoja, kodi ya chumba imeshachelewa.

Nilimwambia kama mzee yeyote angesema: "Mwanangu, si utafute kazi ya kudumu?"

Akanijibu kwa adabu, "Mjomba, kazi inayonilipa vizuri hainiruhusu kuondoka. Inayoniruhusu kuondoka ndiyo hailipi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Siku zote tulidhani kijana huyu hataki kazi. Kumbe ana kazi tatu. Anapeleka vyakula kwa baiskeli, anaosha vyombo mkahawani mwisho wa wiki, na mara mojamoja anabeba maboksi ghalani usiku. Watu wa nyumbani wanapozungumzia "kubeba boksi" ni utani, lakini yeye anayabeba kweli. Anafanya hivyo ili akiitwa usiku huu, kesho alfajiri aweze kwenda.

Uso ambao hakuuonyesha

Usiku wa nne tulikula wali kwa samaki, nikamtania kuhusu kile kisogo. Akakaa kimya, kisha akanieleza jambo ambalo hajamwambia mama yake.

Shida ya kwanza ni sura. Sisi watu wa pwani tunajijua: damu ya Uarabuni na damu ya Afrika katika sahani moja. Nyumbani hakuna anayeuliza. Huko wanauliza. Wakitafuta Mwarabu, yeye ni mweusi mno. Wakitafuta Mwafrika, nywele zake haziwaridhishi. Mara nyingi anarekodi usaili kwa simu, anautuma, na hapati hata jibu la hapana.

Kisha siku moja ikaja nafasi ya kusema, si ya kupita tu. Maneno machache, uso mbele ya kamera, na malipo ya siku ile yalikuwa makubwa kuliko anachopata kwa wiki mbili za baiskeli. Lakini maneno yenyewe yalikuwa ya kupiga takbiri na kulipua soko. Akakataa. Mwezi huohuo akashindwa kulipa kodi.

"Uso wangu Mama angeuona pale," akanambia. "Nikaona bora kisogo."

Wallahi, sikulala vizuri usiku ule.

Si peke yake

Nami siwezi kumcheka kijana huyu, maana nilisoma sekondari ya mapadri huko bara, na padri wetu mmoja alipenda maigizo. Tulicheza "Mabepari wa Venisi", ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Mie nilikuwa Antonio, mfanyabiashara anayewekeana mkataba wa deni kwa ratili ya nyama yake. Watu walipiga makofi, nami nikataka kuendelea. Marehemu baba akasema ualimu una mshahara. Nikaenda ualimu, sijutii, lakini sijasahau yale makofi.

Waliofika juu nao walipita njia hiihii. Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu aliyekulia Yemen kisha Minneapolis, aliwahi kuendesha limuzini. Alikwenda kwenye usaili wa wazi pamoja na watu zaidi ya 700, akapata nafasi katika "Captain Phillips" ya mwaka 2013. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 200. Yeye, kwa mujibu wa habari zilizoandikwa wakati ule, alilipwa dola 65,000, akarudi kufanya kazi katika duka la simu la kaka yake. Mwaka 2014 alipata tuzo ya BAFTA na akateuliwa kuwania Oscar huku pesa zikiwa zimekwisha.

Usiku uleule wa Oscar, Lupita Nyong'o wa Kenya alishinda tuzo yake. Wengi wanakumbuka gauni lake la buluu. Wachache wanakumbuka kwamba alianzia nyuma ya kamera, mfanyakazi wa kawaida katika filamu ya "The Constant Gardener" ilipopigwa Kenya, kisha akacheza tamthilia ya "Shuga", na baadaye akasomea uigizaji chuo cha Yale.

Na mwaka 2018 mtu alimpiga picha Geoffrey Owens, mwigizaji wa "The Cosby Show", akiwa keshia dukani New Jersey. Walitaka kumwaibisha. Ikawa kinyume, watu wengi walimtetea, na yeye akasema hakuna kazi halali iliyo bora kuliko nyingine.

Hata hao wenye majina hawana uhakika wa mwezi ujao. Mwaka 2023 waigizaji wa Marekani waligoma siku 118, na kwa kuwa filamu nyingi za Kimarekani hupigwa Uingereza, vijana kama mpwa wangu walikosa kazi bila kugoma.

Daftari la hesabu

Asubuhi ya mwisho nilifanya ninachokijua. Nilinunua daftari, tukakaa jikoni. Haya ndiyo tuliyoandika, na huenda yakamfaa mtoto wa mwingine.

Kwanza kodi ya chumba, kisha ndoto. Kila senti ya mkahawani iende kwenye kodi mpaka ijae. Pesa ya filamu isihesabiwe kabla haijaingia benki. Ikiingia, iwe akiba ya mwezi mmoja mbele.

Pili, wakala wa kweli anakula kutoka kwenye malipo yako, baada ya wewe kulipwa. Akidai pesa mwanzo, ati ya picha na kuandikishwa, kimbia. Mpwa wangu aliliwa pauni 300 hivyo mwaka wake wa kwanza.

Tatu, anayejiajiri Uingereza anajihesabia kodi ya serikali mwenyewe, na fomu kwa njia ya mtandao inatakiwa ifike kabla ya tarehe 31 Januari kupita. Weka risiti, na weka fungu la kodi kando. Yeye alikuwa halijui hilo mpaka barua ilipomfika.

Nne, angalia viza. Aliye Uingereza kwa viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri wala kufanya kazi ya uigizaji. Huku Ghuba nako ukaazi wa wengi umefungwa kwa mwajiri. Usije ukapoteza nchi kwa ajili ya siku moja ya kamera.

Tano, jifunze ufundi: sauti, taa, mavazi, kuhariri. Uso unaweza kukosa nafasi, lakini kila filamu inahitaji mtu wa kushika maikrofoni. Hili alilikubali, na sasa anasoma kozi ya sauti jioni mbili kwa wiki. Amejiwekea muda wa miaka miwili, kisha atajipima upya. Muda huo kauweka yeye, si mie wala mama yake.

Wazazi wenzangu, hatulazimiki kuipenda kazi hii. Lakini tusiwapigie simu kuuliza "umekuwa maarufu?" Tuwaulize, "Kodi umelipa? Umekula?" Kijana anayeona haya kusema ana njaa ndiye atakayekubali siku moja kazi aliyoikataa jana.

Niliporudi Muscat nilikwenda moja kwa moja kwa dada yangu, nikamweleza habari ya soko na ya takbiri. Alinyamaza kitambo, akijikunjakunja mtandio. Kisha akauliza, "Hiyo kodi yake anatakiwa alipe lini?"

Nikamwambia tarehe moja.

Akainuka kutafuta simu yake.